Anayeyumba si Lazima Awe Mlevi



Mwezi huu tunapenda kuzungumzia usawa wa mwili, yaani ule uwezo wa mtu kusimama wima, kutembea bila kupepesuka na kugeuka bila kuanguka. Huku kwetu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, Katoro na Nyarugusu, mtu akianza kuyumba hupewa moja ya majina mawili. Ama ataitwa mlevi, ama itasemwa amerogwa. Majina yote mawili humfungia mgonjwa mlango wa hospitali. Anayeitwa mlevi huona aibu kuja. Anayedhaniwa kurogwa hupelekwa kwingine, na anapofika kwetu mbuzi na ng'ombe wamekwisha kuuzwa.

Sisi tunaouguza katika hospitali za misheni tunasema wazi: kuyumba ni dalili, na kila dalili ina sababu yake. Na jambo la pili, ambalo ndilo hasa la leo: mwili uliopoteza usawa mara nyingi unaweza kufundishwa upya, hata pasipo mashine za gharama.

MWILI HUSIMAMAJE?

Hakuna mtu anayesimama kama nguzo. Hata askari kwenye gwaride huyumba kidogo kidogo, mbele na nyuma, ila hatumwoni. Ubongo wake unapokea habari kutoka sehemu tatu na kurekebisha mwili kila wakati. Sehemu ya kwanza ni macho, yanayouambia ubongo wapi ni wima na wapi ni mlalo. Ya pili ni sikio la ndani, lenye mifereji midogo yenye majimaji, inayotambua kichwa kinapogeuka au kuinama. Ya tatu ni nyayo, misuli na viungo, vinavyoeleza mguu umekanyaga wapi na uzito umeegemea upande gani.

Habari hizo hukusanywa na kulinganishwa ubongoni. Kazi kubwa hufanywa na ile sehemu iliyo kisogoni, ambayo wataalamu huiita serebelamu, yaani ubongo mdogo. Huyu ni kama karani mwangalifu: analinganisha kile mwili ulichoamriwa kufanya na kile ulichofanya kweli, kisha anasahihisha. Karani akiugua, au barua zisipomfikia, mtu huyumba.

Zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita daktari Mjerumani Moritz Romberg alieleza kipimo ambacho tunakitumia hadi leo. Mgonjwa husimama miguu ikiwa pamoja, kisha hufumba macho. Akiwa imara macho yakiwa wazi, lakini akayumba sana anapoyafumba, tunajua kwamba habari za nyayo au za sikio la ndani hazifiki vizuri, na macho ndiyo yaliyokuwa yakimwokoa. Kipimo hiki hakihitaji umeme. Kinahitaji muuguzi wa kusimama karibu amdake mgonjwa.

NINI KINAHARIBU USAWA HUKU KWETU?

Sababu ni nyingi: kiharusi kinachotokana na shinikizo la damu, kisukari kinachoua hisia za nyayo, majeraha ya kichwa, uzee, na kweli pombe pia imo. Lakini ziko sababu mbili ambazo watu wa ukanda wetu wanapaswa kuzijua kwa namna ya pekee.

Ya kwanza ni zebaki. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha na kuosha mchanga, huchanganya zebaki ili ishike dhahabu. Kisha huichoma ile bonge motoni, zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Zebaki haipotei. Inageuka mvuke usioonekana wala kunuka, na kiasi cha asilimia 80 ya mvuke unaovutwa puani huingia mwilini kupitia mapafu. Kutoka hapo hufika ubongoni. Mtu huanza kutetemeka vidole, kuwa na hasira zisizo na sababu, kusahau, kukosa usingizi, kuumwa fizi, na mwisho hatua zake hazinyooki.

Haya si maneno ya vijiweni. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, liliendesha mradi wa zebaki kati ya mwaka 2002 na 2007 katika nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo. Kwetu mahali palipochaguliwa ni Rwamagasa, mkoani Geita. Wataalamu wa afya waliwapima watu 180 wa Rwamagasa na wengine 31 wa Katoro ambao hawakuwa wakishughulika na zebaki. Walipima damu, mkojo na nywele. Vilevile waliwaambia watu watembee, wasimame, waguse pua kwa kidole, na watie njiti za kiberiti ndani ya kasha kwa haraka huku muda ukihesabiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Miongoni mwa wachomaji, karibu mmoja katika kila wanne alihesabiwa kuwa amekwisha kudhurika na zebaki.

Sababu ya pili ni baadhi ya dawa za sindano. Jentamaisini huokoa maisha ya watoto wachanga na wagonjwa wengi, nasi tunaitumia. Streptomaisini kwa miaka mingi ilikuwa tegemeo la wagonjwa wa kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama sana wachimbaji kwa sababu ya vumbi la mawe na msongamano wa makambini. Kanamaisini ilitumika kwa kifua kikuu sugu, mpaka Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2019 kwamba isitumike tena kwa ugonjwa huo. Dawa hizi ni za jamii moja, na zote zinaweza kudhuru sikio la ndani, hasa zikitumika kwa muda mrefu au figo zikiwa dhaifu. Mgonjwa hupona kifua, lakini anarudi nyumbani akiyumba, na gizani hawezi kabisa kutembea. Majirani humaliza kwa neno moja: pombe.

MWILI HUFUNDISHWA KWA HABARI ZAKE WENYEWE

Mtazameni msichana anayejifunza kubeba ndoo ya maji kichwani. Siku za kwanza maji humwagikia shingoni. Hakuna anayemweleza kwa maneno apunguze mwendo au anyooshe mgongo. Maji yenyewe yanasema. Kila tone ni habari: umeinama mno, umegeuka ghafla. Baada ya majuma kadhaa anatembea huku akipiga soga na wenzake, ndoo imetulia. Hafikirii tena. Ubongo umejifunza.

Hiyo ndiyo siri ya mafunzo ambayo wataalamu huyaita bayofidibaki, yaani mwili kurudishiwa habari zake wenyewe. Mgonjwa aliyepoteza njia moja ya habari hupewa njia nyingine. Katika hospitali kubwa za nje husimama juu ya ubao wenye vipima uzito, na mbele yake kuna kioo cha kompyuta. Uzito ukiegemea kushoto, nukta kwenye kioo huenda kushoto. Kazi yake ni kuirudisha katikati. Vifaa vingine hutoa mlio sikioni, na vingine ni mkanda unaotikisika upande ambao mtu anataka kuangukia.

Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Daktari Paul Bach-y-Rita, aliyefariki mwaka 2006, pamoja na wenzake walitengeneza kibao kidogo cha kuwekwa ulimini. Kichwa kikiinama, mgonjwa huhisi mchonyoto mdogo ukisogea juu ya ulimi, naye hujirekebisha. Kati ya waliokitumia walikuwamo watu walioharibika sikio la ndani kwa jentamaisini, dawa ile ile tuliyoitaja. Wengine waliendelea kuwa imara kwa muda hata baada ya kibao kuondolewa. Ina maana ubongo ulikuwa umeanza kusikiliza njia ambazo kabla yake haukuzisikiliza.

Na ubongo wenyewe hubadilika kweli? Ndiyo. Waya zikibandikwa kichwani kupima umeme wa ubongo, huonekana kwamba mtu anaposimama mahali pagumu, sehemu ya mbele ya ubongo huongeza kazi. Huko Leipzig, Ujerumani, vijana wenye afya walifundishwa kusimama kwenye ubao unaobembea, mara moja tu kwa juma, kwa majuma sita. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2010 zilionyesha mabadiliko katika sehemu zinazoongoza miendo, na baadhi yake yalianza kuonekana baada ya mafunzo mawili tu. Kwa hiyo mtu mzima asiambiwe kwamba ubongo wake umekwisha kukomaa na haufundishiki.

MASHINE ISITUFUMBE MACHO

Hapa tunaomba tuelewane vizuri. Baadhi ya watu wakisikia habari hizi husema: basi tungoje serikali au wafadhili watuletee mashine. Sisi tunaona huko ni kupoteza muda wa wagonjwa, na tunazo sababu.

Mwaka 2004 wataalamu walikusanya pamoja majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa kiharusi waliofundishwa juu ya ule ubao wa kupima uzito. Walikuta kwamba wagonjwa walisimama vizuri zaidi, uzito ukigawanyika sawa kwenye miguu yote miwili. Lakini haikuonekana wazi kwamba walitembea vizuri zaidi au walijitegemea zaidi katika shughuli zao. Fundisho ni rahisi: anayefundishwa kusimama juu ya ubao hujua kusimama juu ya ubao. Anayetaka kwenda kisimani afundishwe kutembea, kugeuka, kuinama na kunyanyua ndoo.

Jaribio la pili linatupa moyo zaidi. Huko Tübingen, Ujerumani, wagonjwa 16 wenye maradhi ya kudumu yanayoleta kuyumba, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa ubongo mdogo, walipewa mazoezi ya saa moja, mara tatu kwa juma, kwa majuma manne. Yalikuwa ni mazoezi ya kusimama, kupiga hatua, kugeuka na kujizuia wasianguke, na baadaye kila mmoja aliendelea nyumbani. Habari zake zilichapishwa mwaka 2009, na mwaka uliofuata ilielezwa kwamba faida ilikuwa bado ipo, ingawa ugonjwa wenyewe ulikuwa ukiendelea. Wagonjwa wale hawakuwa wa zebaki, na hatuahidi kwamba kila mmoja wetu atapata sawasawa na wao. Lakini walionyesha kwamba hata karani mgonjwa anaweza kufundishwa kazi yake.

NCHA YA KIDOLE

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tungependa kila mama wa nyumbani alikumbuke. Mwaka 1994 wataalamu wawili wa Marekani, John Jeka na James Lackner, walionyesha kwamba mtu akigusa kitu kilichotulia kwa ncha tu ya kidole, bila kukiegemea, kuyumba kwake hupungua sana. Mguso huo ni mwepesi mno, hauwezi kumshikilia mtu asianguke. Kinachosaidia ni habari. Ngozi ya kidole inauambia ubongo: sasa unakwenda mbele, sasa unarudi.

Basi ukuta wa nyumba yako ni kifaa cha bayofidibaki. Kioo cha kujitazamia ni kifaa. Mstari uliochorwa kwa chokaa uani ni kifaa. Sauti ya mke au mume asemaye "unainamia kulia" ni kifaa. Hospitali isiyo na kompyuta haina sababu ya kumwambia mgonjwa arudi nyumbani akakae.

Mgonjwa akishapimwa na kuruhusiwa na daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, afanye hivi:

Kwanza, asimame kwenye pembe ya nyumba, kuta mbili zikiwa nyuma yake na kiti imara mbele. Ndugu mmoja awe karibu, mikono tayari, lakini asimshike. Anayeshikwa daima hajifunzi.

Pili, aanze miguu ikiwa imeachana kidogo, ncha ya kidole ikigusa ukuta. Ahesabu mpaka thelathini. Akizoea, asogeze miguu pamoja. Kisha aondoe kidole kwa muda mfupi, akirudishe, aondoe tena. Kufumba macho kuwe jambo la mwisho.

Tatu, asimame mbele ya kioo, ahamishe uzito taratibu kutoka mguu mmoja hadi mwingine, huku akitazama mabega yasiiname.

Nne, atembee juu ya mstari uani, mwanzoni hatua pana, baadaye nyembamba. Agonge mwisho wa mstari, ageuke polepole, arudi.

Tano, azoee kazi yenyewe: kuinuka kwenye kigoda, kuokota kikombe, kubeba kidumu chenye maji kidogo, kuvuka kizingiti.

Robo saa asubuhi na robo saa jioni, kila siku, ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Asichoke upesi. Haba na haba hujaza kibaba.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kuyumba kulikoanza ghafla, pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama, ni kiharusi mpaka daktari aseme vingine. Huyo aletwe hospitali saa ile ile, si kesho. Vivyo hivyo anayeyumba akiwa na homa, kichwa kikali au kutapika, na aliyeangukiwa na kifusi.

Mtu mwenye kuyumba asiachwe peke yake karibu na moto wa jikoni, kisima au mdomo wa duara. Usiku awe na taa, kwa maana gizani amenyang'anywa macho yake. Na mgonjwa anayepata sindano asizikatishe kwa woga baada ya kusoma makala hii. Akisikia masikio yanavuma, kusikia kunapungua au anaanza kuyumba, amwambie muuguzi siku hiyo hiyo ili daktari aamue.

Tena tuwe macho na watu wanaozunguka minadani na vijimashine, wakidai kupima mwili mzima na kusawazisha ubongo kwa dakika tano. Mafunzo ya kweli hayana dakika tano. Yana majuma na miezi, na yana jasho.

PAA LINALOVUJA

Hata hivyo, kumfundisha mchomaji kusimama huku anaendelea kuvuta mvuke wa zebaki ni kukausha sakafu wakati paa linavuja. Mazoezi hayaondoi zebaki mwilini. La kwanza ni kuachana na mvuke. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako, kuanzia mwaka 1956, iligundulika kwamba watu walikuwa wakipooza na kupepesuka kwa kula samaki waliochafuliwa na zebaki ya kiwanda. Sahihi imewekwa, lakini sahihi haizimi moto wa jiko ambalo zebaki inachomewa nyuma ya nyumba, mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake.

Kwa hiyo tunasema: zebaki isichomwe nyumbani kamwe, wala kwenye sufuria au jiko la kupikia. Wanawake wajawazito na watoto wasikae karibu. Anayechoma atumie retoti, chombo kilichofunikwa ambacho hunasa sehemu kubwa ya mvuke na kuirudisha zebaki ikatumika tena. Kitambaa puani hakizuii mvuke huo. Wenye maduara na wanunuzi wa dhahabu, ambao faida yao ni kubwa kuliko ya mchomaji, wasikae pembeni. Ni haki wao ndio wanunue retoti, siyo yule kijana anayelipwa kwa siku.

TUNACHOOMBA

Kwa hospitali na zahanati zetu tunaomba pembe moja tu: fito mbili za kushikilia zilizochongwa na fundi seremala wa parokia, kioo kirefu, na mstari sakafuni. Palipo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, awafundishe wauguzi. Pasipo naye, muuguzi mmoja apelekwe akajifunze kwa wenye utaalamu. Kila anayepewa jentamaisini kwa siku nyingi apimwe usawa kabla na baada. Kipimo cha Romberg hakichukui dakika mbili.

Kwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo tunaomba mikono. Mgonjwa wa kupooza katika Injili alifika mbele ya Yesu kwa sababu watu wanne walikubali kumbeba na hata kutoboa paa. Hawakuuliza kwanza kama alikuwa mlevi. Mgonjwa wa leo anahitaji mtu mmoja wa kusimama karibu naye robo saa, asubuhi na jioni, wakati anagusa ukuta kwa kidole. Jumuiya ya familia kumi na tano haiwezi kukosa mtu huyo.

Na kwa kila msomaji tunaomba ulimi wenye subira. Ukimwona jirani anapepesuka njiani saa nne asubuhi, usicheke, wala usimtaje mchawi. Katika eneo letu vikongwe wamekwisha kupoteza maisha kwa sababu ya kutajwa hivyo. Msogelee, muulize ameanza lini, anafanya kazi gani, amepata sindano gani. Kisha mshike mkono mje hospitali.